Kibanja cha Mazoezi

Tovuti ya kwanza niliyotengeneza maishani mwangu iliitiwa kikao cha ukoo. Wenzangu wa fani hii ukiwauliza kazi yao ya kwanza watakutajia duka la nguo, shule, kwaya ya kanisa. Yangu ilijadiliwa na wazee kumi na mmoja nyumbani kwetu Nyakakika, Jumapili baada ya ibada, na ajenda ilikuwa moja tu: baba yangu anyang'anywe kibanja, shamba letu la migomba na kahawa, au aachiwe.

Nianze nilikotoka, maana watu huniuliza mtu wa fedha aliishiaje kuwa fundi wa tovuti, na mimi huwajibu kwa kifupi kwamba nilichoka. Si kweli. Tuseme ni kweli nusu.

Nilisomea mambo ya fedha kwa sababu baba aliamini hiyo ndiyo kazi isiyonyeshewa mvua. Baba mdogo, anayemfuata baba kuzaliwa, alimwambia mbele ya watu kwamba anapoteza ada kumsomesha mke wa mtu. Baba akamjibu, "Basi huyo mtu ana bahati, atapata mke anayejua hesabu." Ndivyo alivyo mzee wangu. Mpole, hana makuu, ugomvi anaukwepa kama moto, lakini mguse binti yake uone.

Nilipomaliza nikapata kazi Omurushaka, kwenye taasisi ndogo ya mikopo isiyo mbali na stendi. Mtu akitaka mkopo anaweka kibanja chake dhamana. Mimi nilikuwa ninapanda bodaboda kwenda kukikagua, nakipiga picha, najaza fomu, narudi ofisini. Niliifanya kazi hiyo miaka minne, na niliifanya vizuri, sina haja ya kujishusha. Nilikuwa na buti za mvua nyuma ya mlango wa ofisi, na nadhani mbwa wa nusu ya Karagwe na robo ya Kyerwa walikuwa wananifahamu kwa harufu.

Na baba alitamba. Alitamba msibani, alitamba kilabuni kwenye rubisi, pombe yetu ya ndizi, alitamba kanisani kabla hata mchungaji hajamaliza kupeana mikono na watu mlangoni. "Binti yangu ndiye anayeamua nani apewe na nani asipewe." Nilimwambia mara ngapi kwamba mimi siamui, mimi najaza fomu tu. Akasema ni kitu kile kile. Kila asubuhi saa moja alinipigia simu kuuliza kama nimekunywa uji. Mtu mzima, nimevaa sketi ya ofisi, nina mhuri kwenye pochi, naulizwa habari za uji. Nilikuwa nalalamika kwa mdomo tu. Siku akichelewa kupiga nilikuwa napiga mimi.

Tovuti ziliniingia kwa mlango wa uvivu. Taarifa ile ile tulikuwa tunaiandika mara tatu: kwenye karatasi, kwenye daftari, kwenye kompyuta. Mimi kurudia kitu kunanitia hasira. Nikaanza kutafuta namna ya kuijaza mara moja kwenye simu, nikiwa huko huko shambani. Nikaangalia mafunzo mtandaoni, bando likaisha, nikanunua jingine. Siku moja nikafaulu kutengeneza ukurasa mmoja wenye sanduku la kuandika jina na kitufe cha kutuma. Nikabonyeza, jina likafika upande wa pili. Jina langu mwenyewe, lakini nilisimama nikazunguka kiti. Nikampelekea meneja. Akautazama, akasema, "Sisi hapa tunakopesha, hatuchezi."

Miezi michache baadaye tawi likafungwa, wafanyakazi tukaambiwa anayetaka ahamie Bukoba. Wenzangu walihama. Mimi nilibaki, na sitasingizia ujasiri. Nilikuwa nimepandwa na kichaa cha kile kitufe.

Hapo ndipo nilipomwangukia mama mmoja mwenye duka la kuchapisha barua na kupiga picha za pasipoti, pale pale Omurushaka. Babu yake alitoka Tanga zamani akifuata biashara ya nguo, akaoa, akazikwa huku huku, lakini ulimi wa pwani waliurithishana kama vyombo vya shaba. Alikuwa na kompyuta mbili, moja ikiwa imelala kwa kukosa mtu. Tukakubaliana: asubuhi nimchapie wateja barua, mchana kompyuta iwe yangu. Siku ya kwanza alinikuta nimejiinamia, programu imekataa tangu saa saba.

"We mtoto," akasema, "hicho kiti nimekinunua kwa ajili ya wateja kukaa, sijakinunua kwa ajili ya kulia. Ukitaka kulia nenda nyuma, kuna kigoda."

Nilienda nyuma, nikakaa kwenye kigoda, nikalia kidogo, nikarudi. Akanisukumia chai ya tangawizi na kitumbua bila kunitazama. Nilimpenda mama yule tangu siku hiyo. Hakujua hata kidogo ninachofanya, na hakuacha kuwaambia wateja kwamba ninajua.

Baba naye nilimwambia ukweli. Kwamba ofisi imefungwa, kwamba sasa najifunza kutengeneza tovuti. Akauliza kama hizo tovuti zina pensheni. Nikasema hazina. Akasema sawa. Lakini kilabuni aliendelea kuwaambia watu kwamba niko kwenye mambo ya fedha, nami nikamwachia.

Sasa kosa lenyewe. Mafunzo niliyokuwa nayafuata yalifika mahali pa kutengeneza ukurasa wa matangazo: picha, maelezo, bei, kitufe cha kuwasiliana na muuzaji. Mwalimu wa kwenye video alitumia nyumba za ghorofa zenye bwawa la kuogelea. Mimi bwawa la kuogelea nalitoa wapi? Nikafungua simu yangu kutafuta picha, nikakuta picha za kibanja chetu nilizopiga Pasaka. Kilikuwa kimetoka kwenye mvua, migomba imejaa, mikungu inaning'inia, kahawa zimepogolewa, na kwa pembeni kona ya nyumba yetu yenye kuta za bluu. Nikaweka hiyo. Maelezo nikayaandika haraka haraka kwa mkono uliozoea, bila hata kufikiri. Bei nikaweka. Kitufe nikaweka, kikafanya kazi, kikawa cha kijani kizuri ajabu.

Ningeuacha ukurasa kwenye kompyuta ya yule mama, pasingeharibika kitu. Lakini mimi mtu wa sifa, nimeumbwa kwa udongo wa baba yangu. Nikaurusha ukurasa hewani, nikachukua linki, nikaiweka status kwenye simu: "Kazi yangu ya kwanza!" Nikaenda kulala nikiwa na furaha.

Asubuhi saa moja simu haikulia. Saa mbili nikapiga mimi, haikupokelewa. Saa tatu baba mdogo ndiye aliyenipigia, na hakuniamkia wala kuitikia shikamoo yangu. Binamu yangu aliyeko Mwanza alikuwa ameona linki, ameituma kwenye kundi la ukoo, na hadi jua linachomoza hakuna mtu wa ukoo wetu mwenye simu ambaye hakujua kwamba mimi na baba tunauza kibanja.

Kwa mtu asiyetoka kwetu inabidi nieleze, maana anaweza kudhani ni suala la kuomba radhi tu na kufuta. Kibanja kile si cha baba. Ni cha ukoo. Babu alikirithi, akamwachia baba kama mtunzaji, na baba atamwachia mwingine. Babu na bibi wamelala mle, na kaka mkubwa wa baba aliyekufa kijana. Mtunzaji akibainika anatafuta mnunuzi kwa siri, ukoo unakaa na kumvua, anatoka mle na kitanda chake. Na wa kukabidhiwa baada ya baba alikuwa anajulikana: baba mdogo.

Nilimweleza mama wa dukani. Nilishaanza kuandika ujumbe mrefu wa kutuma kundini. Akaninyang'anya simu.

"Usiandike kitu. Umekwishaandika vya kutosha. Vaa kitenge, nenda kwenu ukaonekane uso."

Nikafika Nyakakika Jumapili. Mama yangu alikuwa jikoni anamenya ndizi. Akanipokea mkoba, akasema pole na safari, akarudi kwenye ndizi zake. Sebuleni walikuwa wametandika majani mabichi kama siku ya posa, wazee wameketi kuzunguka ukuta, kisahani cha kahawa za kutafuna kinapita mkono kwa mkono. Nilipiga magoti nikawaamkia mmoja mmoja. Wote waliitikia, maana adabu ni adabu, lakini waliitikia kama watu wanaolipa kodi. Baba alikuwa amekaa karibu na mlango, mahali wanapokaa wageni, ndani ya nyumba yake mwenyewe. Nilipoona pale alipokaa moyo uliniuma, sijui niseme vipi. Nilitamani anichape.

Mwenyekiti wa ukoo ni mwalimu mstaafu. Akafungua kwa sala, kisha akampa baba mdogo nafasi. Baba mdogo akavaa miwani, akaishika simu mbali na uso, akaanza kuusoma ukurasa wangu neno kwa neno, akiwatafsiria kwa Kinyambo wale wazee ambao Kiswahili kinawapita kasi.

"Kibanja kinauzwa. Kipo Nyakakika. Migomba ya kutosha. Kahawa inazaa. Barabara inafika." Akasogeza ukurasa kwa kidole. "Vikwazo: makaburi matatu."

Hakutafsiri. Shangazi yangu, dada yao mkubwa, aliyeolewa Murongo na kufanya biashara ya kuvuka mpaka hadi magoti yakakataa, alikuwa ameketi mkekani miguu ameinyoosha. Akauliza, "Amesema nini hapo mwisho?"

Mzee wa kando yake akamnong'oneza kwa Kinyambo. Akanigeukia mimi.

"Mama yangu ndiye kikwazo?"

Niseme nini? Kwenye fomu zetu za ofisini kulikuwa na safu ya mambo yanayoweza kumkatisha tamaa mnunuzi: bonde la maji, kesi, njia ya watu, makaburi. Nilikuwa nimeijaza safu ile kwa miaka minne. Mkono uliandika wenyewe. Nikasema, "Shangazi, nisamehe," naye akatazama pembeni, akawa anavuta pindo la kanga yake.

Mwenyekiti akaniruhusu kujieleza. Nikaeleza kila kitu: kwamba ni mazoezi, kwamba hakuna mnunuzi, kwamba ukibonyeza kile kitufe ujumbe unakuja kwangu mimi mwenyewe, kwamba baba hakujua lolote. Nikambonyezea mwenyekiti kitufe kwenye simu ya baba mdogo, simu yangu ikalia mfukoni mwangu mbele ya wote. Wazee wakaelewa haraka kuliko meneja wangu. Mmoja akasema ni kama watoto wanaojenga nyumba za matope. Nikaanza kuvuta pumzi.

"Mazoezi, sawa," akasema baba mdogo. "Na hii bei?" Akaitaja.

Ilikuwa bei ya pikipiki tatu mpya, labda na mafuta.

Hapo ndipo kikao kilipochafuka kweli. Wazee ambao walikuwa wamekasirika kwa sababu kibanja kinauzwa, sasa walikasirika kwa sababu kinauzwa rahisi. Kahawa peke yake! Na ile migomba ya upande wa bondeni? Mmoja akaapa kwamba mwaka jana mtu amenunua kijiwanja cha kujenga choo pale Kayanga kwa pesa inayokaribia hiyo. Shangazi akasema kama ni bei hiyo atanunua yeye, leo leo, na kwa pesa itakayobaki atanunua mbuzi. Watu wakacheka, hata mimi nikacheka nusu. Nikaona tumepona.

"Lakini bei hii umeitoa wapi?" mwenyekiti akauliza, kwa udadisi tu wa mwalimu.

Nikamjibu nikiwa na ahueni, nikaeleza vizuri kama ninavyoeleza kitu ninachokijua. Kwamba kibanja cha dhamana hakiandikwi kwa thamani yake kamili. Unachukua bei ya soko, unapunguza nusu, kwa sababu mkopaji akishindwa lazima kiuzwe haraka. Kisha unapunguza tena kwa ajili ya vikwazo. Ndivyo tulivyokuwa tunafanya kazini, nikasema, ni hesabu ya kawaida.

Baba alikuwa hajasema neno tangu nimeingia. Akainua kichwa.

"Vibanja vya watu uliviandika hivi?"

"Ndiyo, baba."

"Na makaburi yao?"

"Ndiyo."

Kisahani cha kahawa kilikuwa kimefika kwake. Akakishika kwa muda bila kuchukua, akampa mwenzake.

"Miaka minne nimetamba," akasema. Hakuniambia mimi, alikuwa anawaambia wazee. "Wote hapa mmenisikia. Mmenisikia mpaka mkachoka. Sikujua nilikuwa natamba kwa kitu gani."

Baba mdogo, ambaye siku ile alikuwa na kila sababu ya kulikamata neno lile na kulizungusha, alivua miwani akaifuta kwenye shati. Mwenyekiti akakohoa, akasoma uamuzi: kibanja kinabaki kwa mtunzaji wake, ukurasa ufutwe kabla jua halijazama, mimi nitoe mbuzi na rubisi ya kuwaomba radhi waliolala. Wakaitikia wote. Baba alikuwa ameshinda, na alikaa pale pale mlangoni kama mtu aliyefiwa.

Walipoanza kula akanifanyia ishara tutoke. Tukapita kati ya migomba mpaka makaburini, baba mbele, mimi nyuma. Akasema anataka kuona kitu kinavyofutwa. Nikafungua ukurasa, nikamwonyesha mahali pa kubonyeza, nikampa simu. Kidole chake ni kinene na kimepasuka kwa jembe. Simu haikukisikia mara ya kwanza. Akabonyeza tena. Ukurasa ukaondoka.

"Kimekwisha?"

"Kimekwisha, baba."

"Na vile vya watu?"

Nikamwambia vile siwezi kuvifuta, viko kwenye karatasi. Nikamwambia vingi havikupata tatizo lolote, wenyewe walilipa wakachukua hati zao, na hilo ni kweli. Alisubiri. Baba yangu anajua kusubiri.

"Na vilivyouzwa?"

Nilikuwa naijua idadi. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza, na nilikuwa naijua.

"Sita."

Nilidhani atageuka aondoke aniache pale, na ningemwelewa. Badala yake akaninyooshea simu yangu, na nilipoishika hakuiachia mara moja, tukawa tumeishika wote wawili.

"Hizo tovuti zako," akasema, "niliuliza kama zina pensheni. Sasa nakuambia. Hata zisipokuwa nayo. Hata zikikulaza njaa, uje ule hapa. Kule kwenye mikopo usirudi tena, mama. Nakuomba mimi baba yako."

Tangu nizaliwe baba alikuwa hajawahi kuniomba kitu. Nililia pale mbele ya babu na bibi na yule baba mkubwa nisiyemjua, nililia mpaka nikaishiwa, na yeye alisimama kando yangu ananiondolea majani ya migomba yaliyonasa kwenye kitenge changu, moja baada ya jingine, hadi mama alipotuita mara ya pili kwamba chakula kinapoa.